Unga Usionuka

Kavira mwanangu,

Hali yako sikuulizi, naisikia kutoka hapa nilipokaa. Uko nyuma ya pazia, umelala mdomo wazi kama marehemu baba yako, unakoroma. Kesho utapanda gari la Kasese, na kutoka Kasese utaendelea mpaka Hima kwa Baluku wako, wewe na godoro lako na masufuria na ile galoni ya mafuta ya mawese uliyotaka kuiacha ati itachafua nguo. Ichafue. Mawese ya Hima ni ghali na yamechanganywa.

Juzi ulikaa kizingitini unachambua maharagwe, ukaniambia, "Mama, wamama wote wa hapa Bwera wanakuja kukuuliza. Na mimi niandikie bajeti. Mshahara wa Baluku ukiingia nianze na nini, nimalize na nini, mwezi usinishinde." Nikakubali. Ulifurahi, ukasema utaibandika ukutani.

Hii hutaibandika. Hesabu ya mchele na sukari unaijua kuliko mimi, wewe umefika sekondari, mimi masista wa Butembo walinichoka darasa la sita. Sabuni ikatwe vipande vingapi, mafuta ya kupikia yafungwe wapi, hayo mwezi wenyewe utakufundisha, na haukuchekei. Mimi nina jambo jingine. Huko Hima utakaa hatua chache kutoka kwa Shangazi yako Amoding, dada ya baba yako, yule ambaye tangu ujue kuongea nimekufundisha usile chakula chake, kwa sababu chakula chake ndicho kilichomuua dada yako Masika. Kabla hujafika pale lazima ujue nani aliyemuua Masika. Si yeye. Nikishakuambia ni nani, huenda usinipende tena, na sitakulaumu.

Masika humkumbuki. Jina lako ndilo linalomkumbuka. Kwetu msichana wa kwanza ni Masika na wa pili ni Kavira, kwa hiyo kila Mukonzo na kila Munande akikusikia unaitwa anauliza, "Na Masika yuko wapi?" Nimejibu swali hilo kwenye foleni za maji, kwenye misa, sokoni. Kila mara nimejibu vibaya.

Baba yako alikuwa konstebo wa polisi, mtu wa Teso, uhamisho ukamleta huku akanikuta nauza makayabo, samaki wa chumvi, karibu na mpaka. Yeye hakujua Kinande, mimi sikujua Kiteso, nyumba tukaijenga kwa Kiswahili, chake cha afande na changu cha Kongo, ndiyo maana na wewe ukikasirika unaamrisha watu. Tulikaa kambini, kwenye vile vyumba vya mabati vya mviringo. Ukipiga chafya, jirani wa tatu anakuambia pole.

Kambi ilikuwa na kalenda yake ya pua. Mshahara ukiingia, kambi nzima inanuka nyama. Hata konstebo mwenye watoto saba ananunua mguu wa mbuzi, anaubeba mkononi bila mfuko ili aonekane. Baada ya hapo inanuka maharagwe. Baada ya maharagwe inanuka majani. Mwisho wa mwezi hainuki kitu, na hapo wamama wanaanza kutembea na vikombe: nipe unga kidogo nitarudisha, nipe chumvi, nipe majani ya chai uliyokwisha kuyachemsha. Hawakuoneana haya. Leo mimi kwako, kesho wewe kwangu, na afande wa kambi alijua, akajifanya haoni.

Mimi sikutembea na kikombe. Kisa ni kwamba siku za mwanzo nilimsikia mke wa koplo mmoja akisema Wakongomani tunajua mambo mawili, kuomba na kucheza muziki. Nikaapa hakuna mke wa askari atakayeona kikombe changu kikiwa kitupu. Niliita heshima. Baba yako alinipa pesa yote ya chakula mkononi, mara moja, tarehe ya mshahara, na hakuuliza tena mpaka mwezi mwingine. Alinisifu kwa wenzake. "Mama Masika iko kichwa ngumu kwa pesa," aliwaambia, na mimi nikasimama nyuma ya pazia nikisikiliza nimevimba kichwa.

Sasa nikuambie pesa ya chakula inavyokufa, maana hapo ndipo ulipotaka nikuandikie. Haifi kwa siku moja. Ningeitumia vibaya siku moja ningestuka. Bandu bandu huisha gogo. Mwezi ule niliutazama ukiisha hivyo, na nilikuwa nashika panga mwenyewe. Mchango wa parokia, kidogo. Nywele za Masika kwa ajili ya sherehe, kidogo. Soda kwa mgeni ambaye angekunywa maji bila kinyongo. Kila nilipochomoa nilijiambia nitafidia kwenye pesa ya mboga, halafu ya mboga nikaifidia kwenye ya mafuta, na ya mafuta kwenye ya unga, mpaka ikabaki ya unga peke yake, na hiyo haikuwa na wa kumkopa.

Kikubwa kilikuwa kitenge. Wamama wa parokia tulikubaliana sare kwa sikukuu, kitenge cha bluu chenye picha ya Bikira Maria kifuani. Mwenyekiti wetu, Mungu amlaze, alisimama mbele akasema asiye na sare atakaa benchi la nyuma na waliochelewa. Mimi mkimbizi, mke wa askari, nikae nyuma na mke wa koplo mbele? Nilinunua kitenge. Kitenge kikataka fundi. Fundi akasema kinabaki kipande cha kichwani, kwa nini kipotee. Baba yako aliponiona Jumapili alisema nimependeza, akauliza pesa imetoka wapi. Nikamwambia nilikuwa nimebana. Ningemwambia ukweli angecheka, angekwenda kukopa kwa mwenzake Oduch wa karakana, tungekula maharagwe na maneno mawili matatu ya ugomvi. Hayo ndiyo yangekuwa gharama yake yote, mwanangu. Maneno mawili matatu.

Wewe unajua muhogo wetu ni ule mchungu. Unamenywa, unaloweshwa mpaka unalainika na kunuka vile unavyonuka, ndipo unaanikwa, ndipo unasagwa. Bibi yako, mama yangu, akienda kununua unga alikuwa anauchota kiganjani anaupeleka puani. Akikuta hauna ile harufu anaumwaga tena kwenye gunia la mwenyewe, anajipangusa, anaondoka bila kusema neno. Unga usionuka haukulowa. Sumu ya muhogo bado iko ndani yake. Nilijua hilo kabla sijajua kufunga kanga.

Mwaka ule jua lilikaa sana, upande wa pili barabara zilikuwa hazipitiki, muhogo ukapanda bei. Watu waling'oa ulio mchanga wakaukausha mbiombio waukimbize sokoni. Siku ya soko nilishuka Mpondwe na kile kilichobaki, nimekifunga kwenye pindo. Unga wa kawaida ulinishinda. Nikazunguka. Pembeni kabisa, nyuma ya wauza mitumba, kulikuwa na mwanamke nisiyemjua na gunia lake, bei nusu. Unga mweupe, mzuri wa macho. Niliuchota kiganjani. Niliupeleka puani.

Haukunuka kitu.

Kavira, hapo usinitafutie njia. Kuna waliokula unga ule bila kujua, mimi nilijua. Nilisimama pale kiganja kiko puani na nikajisemea kwamba mshahara unakaribia, ni kuvuka siku chache tu, nitaupika sana, nitauchanganya na ule kidogo ulio nyumbani. Nikampa yule mama pesa. Akanipimia na kuniongezea kiganja kimoja juu, nikamshukuru.

Jioni ile ile Shangazi Amoding alifika kutoka Hima. Alikuwa tayari na ile hoteli yake ya madereva wa malori, ndogo, mabati matatu na benchi. Mungu hakumpa mtoto, kwa hiyo alimfanya Masika wake. Alikuja na samaki wawili wa kukaushwa wa ziwani na mandazi kwenye gazeti. Masika alikuwa darasa la tatu, alimkalia mapajani na miguu yote ile mirefu. Wewe ulikuwa bado unanyonya. Baba yako alikuwa zamu mpakani.

Nilipika. Ule wa zamani uliobaki haukufika hata kiganja, kwa hiyo bugali ilikuwa ya unga mpya, na nayo ndogo, maana nilikuwa naupima. Mlango ulikuwa wazi kwa joto la mabati, majirani wako nje wanasuka nywele, wanaona kila kitu. Nikaweka sahani katikati. Amoding akanawa mikono. Akaangalia ile sahani, akaniangalia mimi, akajifuta mikono kwenye gauni.

"Mimi nimeshiba," akasema. "Nilikula njiani. Wacha mutoto akule."

Nikamsihi kidogo, kwa mdomo tu. Moyoni nilishukuru. Akambusu Masika utosini akakimbilia gari la mwisho.

Masika alikula tonge la kwanza akakunja uso. Akaniambia, "Mama, bugali iko chungu."

Nikamwambia, "Kula na samaki, hutasikia."

Akala na samaki. Alikuwa mtoto wa kusikia, si mbishi kama wewe. Mimi nilionja tonge moja, mawili, nikamsogezea sehemu yangu, nikijiona mama mwema anayejinyima. Alimaliza yote na akalamba sahani.

Hayakupita masaa mengi akaanza kutapika. Kichwa kikamuuma, akasema taa zinazunguka na taa ilikuwa moja. Na mimi kichwa kilinigonga na tumbo likasokota, kwa yale matonge mawili tu. Miguu yake ikakataa. Jirani, mke wa yule yule koplo, akambeba mgongoni mwake mpaka barabarani, mimi nyuma nimekufunga wewe kifuani, tukapata pikipiki mpaka hospitali. Daktari alikuwa kijana, macho mekundu kwa usingizi. Akaniuliza, "Mtoto amekula nini?"

Mke wa koplo alikuwa amesimama pembeni yangu, bado anahema. Nikafikiri: nikisema unga, ataniuliza unga gani. Nikisema unga gani, atajua. Kambi nzima itajua kwamba Mkongomani mwenye kitenge cha Bikira Maria alimnunulia mtoto wake unga wa nusu bei.

Nikasema, "Samaki."

"Na nini kingine?"

"Samaki tu. Ameletewa na shangazi yake."

Akamtibu mtu aliyekula samaki mbovu. Masika hakuliona jua la asubuhi. Kama ningesema unga, angepona? Sijui. Nimeishi miaka yote hii karibu na hospitali ile, napita mlangoni kwenda misa, na sijawahi kuingia kuuliza, kwa sababu naogopa mtu ataniambia ndiyo.

Nilirudi nyumbani nikaumwaga unga uliobaki chooni kabla sijaivua hata ile nguo niliyokuwa nayo. Nilimwaga unga kwanza, ndipo nikalia.

Baadaye sikuhitaji kusema tena. Kambi ilisema yenyewe. Alileta samaki lakini yeye hakula. Alinawa mikono halafu hakula, tulimwona kwa macho yetu. Tena hana mtoto. Tena alimbusu utosini. Kila mtu aliongeza kipande chake mpaka kikatoka kitu kizima, na mimi nilikaa kwenye mkeka wa msiba nimejifunika nikisikia kikijengwa. Amoding alipokuja kuzika, vijana walimzuia kwenye njia ya makaburi. Alikuwa ameshika konzi ya udongo mkononi. Walimgeuza, akaondoka nao ule udongo, hakumtupia. Baba yako alisimama na kofia yake ya kazi akatazama chini. Alimpenda dada yake. Alimfuata Hima siku moja tu, akarudi, akaniambia, "Amekataa. Anasema hajafanya kitu." Akaningoja niseme neno. Nilikuwa nakunyonyesha. Nikakuhamishia titi jingine.

Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwangu kifo hakikuniumbua mimi, kilimuumbua mwingine.

Sasa unajua ile sifa ya mama yako imetoka wapi. Tangu mwezi ule pesa ya chakula ikiingia mkononi mwangu mimi ni askari kuliko baba yako alivyokuwa. Unga kwanza, na pua yangu juu ya kila gunia mpaka wauzaji wananicheka. Maharagwe, mafuta, chumvi, halafu ndipo wengine wapange mstari. Ulipotaka viatu vya kwenda picha ya darasa nikakataa, ulinichukia kuanzia mvua hadi kiangazi. Nilikataa safari, nikakataa harusi za watu, sare ya parokia sikununua tena, nakaa benchi la nyuma na waliochelewa na hakuna aliyekufa kwa kukaa pale. Wamama wakaona mwisho wa mwezi kwangu moshi bado unatoka, wakaanza kuja. Mama Kavira, tufundishe. Mama Kavira, wewe ni benki. Hata mke wa koplo alikuja. Nikawafundisha. Walisema nimepewa kipaji. Nilikuwa naenda uani kutema mate.

Lakini nikuambie kwa uaminifu, hata ukali ule haukuwa dawa. Unakumbuka ile chembe ya ugali uliyomwagia kuku ukiwa mdogo nikakuchapa mpaka baba yako akaninyang'anya fimbo? Sikuwa nakuchapa wewe. Mwezi wako Hima usiwe kama wangu wa kwanza, na usiwe kama miezi yangu ya baadaye. Pesa itakukatikia katikati ya mwezi, itakatika tu, Baluku ni mtu wa Bugoye na nimemwona anavyokula. Ikikatika, sema. Mwambie usiku ule ule, akinuna anune. Chukua kikombe uende kwa jirani na ucheke ukiomba. Na ukilazimika kukata, kata pale watu wanapokuona, nguo, nywele, kiti cha sebuleni. Usikate ndani ya sufuria ambamo hakuna anayekuona isipokuwa mtoto.

Nilimnyima Amoding ukweli mara mbili. Ya pili uliiona mwenyewe. Matanga ya baba yako, tulipomzika hapa Bwera kando ya Masika kama alivyotaka, alikuja akasimama nje ya ua, mvi zimemjaa, na sufuria kubwa kichwani. Wali na nyama, alikuwa ameupika usiku kwa ajili ya kaka yake. Wewe ulimvuta mtoto wa jirani kwa mkono asimkaribie. Nilikuona. Nilikufundisha vizuri. Wamama walimpokea ile sufuria kwa heshima, wakaipitisha nyuma ya nyumba, na mimi nikiwa ndani na jeneza nikasikia mwiko ukikwangua. Walimwaga yote. Walimrudishia ikiwa safi, imeoshwa, na yeye akaangalia ndani, akajitwika, akaenda zake. Neno moja tu lingetosha siku ile. Baba yako alikuwa amekufa, hakuna aliyebaki wa kuniacha. Bado sikusema.

Uliponiambia Baluku amepata chumba Hima, nyuma ya hoteli za madereva, usingizi ulinitoka. Ungefika pale ungepita mlangoni kwake kila siku umefunga mdomo. Ungezaa, na mtoto wako ungemvuta mkono. Basi Alhamisi ile niliyokuambia nashuka Kasese kukununulia masufuria, masufuria niliyanunua haraka, nikapanda gari nikaenda Hima.

Nilimkuta ameinama anamenya ndizi, hoteli ile ile, vumbi la kiwanda cha saruji limekaa juu ya mabati. Akanyanyua macho.

"Mama Masika," akasema. "Umekuja kufanya nini?"

Hakuna mtu anayeniita hivyo tena. Baada ya msiba wote walinihamishia kwako, Mama Kavira, kwa kunihurumia. Nilikaa kwenye benchi. Nikamwambia. Nilisema unga, nikasema bei, nikasema nilivyouweka puani, nikasema daktari aliniuliza nini na nikajibu nini. Alikuwa anamenya tu. Nilipofika mwisho alikuwa na ndizi moja mkononi ambayo haikuwa na ganda tena, na kisu bado kinatembea.

"Mimi nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Ile samaki nilinunua kumi. Mbili nilileta kwako, nane niliuza hapa. Madereva walikula wote, hakuna hata mmoja aliumwa tumbo. Basi si samaki. Ni kitu ya sufuria yako."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa nani? Wewe ulikuwa unalia mutoto. Ningekuja kukuambia umemuua?" Akaitupa ile ndizi ndani ya maji. "Nilingoja wewe useme. Nilifikiri ni mwezi moja. Nilifikiri ukimaliza kulia utasema."

Nikamuuliza swali ambalo kambi nzima ilikuwa na jibu lake. Kwa nini alinawa mikono halafu hakula.

Akaniangalia kwa mshangao, kana kwamba nimeuliza kwa nini jua linawaka. "Bugali yako ilikuwa kidogo. Niliona. Nikasema nikikula, mutoto atabaki na nini? Nilienda na njaa mpaka hapa Hima. Nilifika saa mbaya, nikakuta hakuna hata chai."

Nilipiga magoti kwenye ile sakafu ya vumbi. Hakuninyanyua. Dereva mmoja akaingia akaagiza wali, akamhudumia, akampa chenji, akarudi kumenya, mimi bado niko chini. Sikuomba msamaha, sikuona mahali pa kuuweka. Nilimwambia tu kwamba Kavira anakuja kuishi hapa nyuma, na kwamba nitakuambia kila kitu kwa mkono wangu kabla hujaondoka. Nikamuuliza kama atakupokea.

Alimenya ndizi nyingine mpaka mwisho, akaitupa majini. Halafu akasema, na nakuandikia maneno yake vile vile alivyoyatoa:

"Usinitumie zawadi. Usinitumie mafuta wala kitenge. Mutoto aje mwenyewe, aje hapa kabla ya kufika kwa bwana yake. Na aje na njaa. Mimi sitaki tena mutu wa nyumba yako asimame mbele ya chakula yangu aseme ameshiba."

Ndiyo hivyo, Kavira. Ile galoni ya mawese ni yako na Baluku, usiipeleke kwake. Barua hii utaikuta juu ya mzigo wako, uisome kabla hujaoga au ukiwa garini, ni hiari yako. Nitakuwa uani. Ukitaka kuja kunitukana, njoo, nitasikiliza. Ukitaka kupita bila kuniaga, mlango wa mbele sitaufunga. Mimi nisamehe au usinisamehe, hiyo ni kazi ya miaka yako. Ya kesho ni moja tu.

Najua desturi yetu, binti anayetoka kwao hatoki na tumbo tupu, na majirani watakuja kuaga wakitarajia kunusa chapati. Hawatanusa. Sitawasha jiko. Hata chai sitachemsha, na ukinunuliwa kitu njiani kitie mfukoni. Ukishuka Hima, muulize mtu yeyote hoteli ya Mama Amoding, uingie, ukae, unawe mikono. Atakuuliza kama ulikula kabla ya kutoka nyumbani. Mwambie ukweli. Mwambie, "Hapana, Shangazi. Mama hakunipa kitu."

Mama yako